Upepo wa Singida na semi zinazokuja mbele yako

Mhariri salama? Swali lenu la wiki hii, kwamba siku ya upepo mkali mtu anaendeshaje pikipiki na ni wakati gani anaona bora apaki, limetubishanisha kijiweni asubuhi nzima mpaka abiria wengine wakachukuliwa na bajaji sisi bado tunapigiana kelele, kwa hiyo nikaona bora niandike mwenyewe. Mi nipo Singida mjini, napiga bodaboda, ila hela yangu kubwa iko kwenye mizigo ya nje ya mji, Ikungi, Puma, Issuna, mara mojamoja nafika Manyoni, na yeyote aliyewahi kupita barabara hii kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 10 anajua naongelea nini. Huku kwetu na kule Makambako habari za kuweka mitambo ya umeme wa upepo zimezungumzwa miaka na miaka, sasa wewe unafikiri waliziota?

Pale kijiweni wa kwanza kudakia alisema dawa ya upepo ni kubeba mzigo mzito ili pikipiki itulie. Hii kauli naisikia kila siku na inaumiza watu. Pikipiki zetu hizi, Boxer, TVS na ndugu zake, zina kilo 110 mpaka 120 na kitu hivi, ni nyepesi kweli, na uzito ukiwa chini unasaidia, sikatai. Kiroba cha alizeti kikilala vizuri kwenye siti, kimebanwa na mpira wa tyubu, hakina ubaya. Ila nani huku anabeba kiroba tu? Tunabeba matenga ya kuku, mawili mawili yamepandana yanakuzidi kichwa, tunabeba mabati, tunabeba magodoro. Godoro la nne kwa sita ukilisimamisha kwenye keria hilo ni tanga la ngalawa. Lina mita mbili za mraba na ushee, upepo wa kilomita 60 kwa saa ukiligonga ubavuni unalisukuma kwa nguvu kama ya kilo 35, na hizo kilo 35 hazikusukumi chini kwenye tairi, zinakuvuta juu huko, nyuma ya mgongo wako, mahali ambapo mikono yako haifiki. Mbaya zaidi nguvu ya upepo haiongezeki kidogokidogo, spidi ya upepo ikiwa mara mbili kipigo kinakuwa mara nne, ndo maana mtu anatoka mjini anajiona yuko fiti, akifika kwenye mbuga wazi anashangaa pikipiki imekuwa ya mtu mwingine. Godoro siku ya upepo mi nalikunja nalifunga kamba liwe dogo, halikunjiki basi namwambia mteja atafute guta au asubiri kesho alfajiri, na akienda kwa mwingine aende tu.

Sasa nije kwenye kitu ambacho naona watu hawakisemi. Upepo unaovuma mfululizo upande mmoja hausumbui sana, unauzoea, unalaza pikipiki kidogo kuelekea unakotoka na safari inaenda. Kinacholaza watu chini ni pale unapokatika ghafla na kurudi ghafla, na kwenye barabara yetu kinachoukata mara nyingi ni semi, yale malori marefu ya trela. Hii ni barabara ya malori yanayotoka bandarini Dar kwenda Rwanda, Burundi na Congo, yapo usiku na mchana.

Chukulia unatoka Issuna unarudi Singida, saa 8 mchana. Barabara inaelekea kaskazini, upepo wa kiangazi huku mara nyingi unatoka mashariki, kwa hiyo unakupiga kulia na wewe umeegemea kulia ili usisukumwe porini. Mbele inakuja semi, na yenyewe ipo huko huko kulia kwako. Ikifika usawa wako inaukata upepo wote kwa mara moja, ila mwili wako bado umeegemea kulia, hakuna tena cha kukushikilia, unaangukia upande wa semi. Semi ya mita 18, yenyewe iko 70 na wewe 60, inakupita kwa nusu sekunde hivi, hujamaliza kushtuka mkia wake umeshapita, upepo unarudi wote pamoja na ule wa semi yenyewe, unakutupa kushoto. Asiyejua atakuambia "lori limenivuta halafu likanisukuma" na hajakosea, ila chanzo ni kile kivuli cha upepo, pale semi ilipoukinga. Na zikiwa semi tatu zinafuatana unachezeshwa hivyo mara tatu.

Dawa yake inaanza kabla haijafika. Mi nikiiona kwa mbali naangalia turubai. Turubai likiwa limevimba upande wangu na kamba zinachapa, najua upepo unatoka upande wa pili wa hiyo gari na kivuli kitakuwepo. Napunguza mpaka 50, hata 40, naingia gia ya 3 ili injini iwe inavuta, nahama kutoka karibu na mstari naenda katikati ya upande wangu. Katikati, sio ukingoni, maana ukikaa ukingoni ule msukumo wa pili unakutoa kwenye lami unaingia kwenye kokoto na huko hamna breki ya kukusaidia. Kifua nakishusha karibu na tangi, magoti yanabana tangi, mikono nailegeza. Hapo kwenye kulegeza ndo tulibishana sana, maana wengi wanaamini upepo ukija unakaba usukani kwa nguvu zako zote. Ukikaba, kila upepo unavyokutikisa mabega unaupeleka mwenyewe kwenye tairi la mbele, pikipiki inaanza kuyumba nyoka nyoka na aliyeiyumbisha ni wewe. Bana kwa magoti, mikono iwe inaongoza tu. Upepo ukikupiga kulia, sukuma kidogo mkono wa kulia mbele, yani kama unausogeza usukani mbali na wewe, pikipiki yenyewe italalia kulia. Ukitoka kushoto, mkono wa kushoto. Wengi tunafanya hivyo bila kujua, ila ukijua unaacha kupigana na usukani.

Ukielekea Manyoni mambo yanageuka, upepo unatoka kushoto na unakusukuma katikati ya barabara, kwa magari yanayokuja. Upande huo mi nakaa kushoto kidogo kuliko kawaida ili nikisukumwa niwe na pa kusukumiwa. Na upande huo ndo kuovateki semi kuna mtego, kwa sababu ukiwa ubavuni mwake kulia umetulia kabisa, hamna upepo, unajiona mjanja unaongeza mafuta, sasa ukifika usawa wa kichwa cha semi unachomoza kwenye upepo ukiwa na 80, tena upo upande ambao sio wako. Ukirudi kaskazini mtego ni mwingine, ukiwa unaovateki upepo unakusukuma kwenye matairi ya semi. Kwa kifupi kama upepo ni mkali usiovateki, kaa nyuma mbali, atakata kona ataingia mizani, utampita. Na ukikaa nyuma usimgande mgongoni eti unajikinga, pale nyuma upepo unazunguka hovyo na yeye akikanyaga breki huoni chochote.

Mlima Sekenke, kule Shelui, kuna kivuli cha aina nyingine. Pale mlima umechongwa barabara ipite, ukiwa katikati ya kuta za udongo kumetulia, ukitoka tu unapigwa, mara nyingi ukiwa kwenye kona na mteremko. Watu wa kule wanajua, wageni ndo wanashtuka.

Abiria nao. Mama akipanda amekaa upande, miguu yote kushoto, siku ya kawaida tunavumiliana, siku ya upepo namwambia mama samahani, leo naomba ukae kwa kutanua miguu, na kitenge tukikunje ukikalie. Kitenge kikipeperuka kikaingia kwenye cheni au spoki hapo hatuongelei tena upepo. Koti la abiria lifungwe zipu. Mishikaki, yani kupakia abiria zaidi ya mmoja, sizungumzii kabisa. Na ile miavuli ya kufunga kwenye pikipiki ambayo Kenya imejaa na kwetu naanza kuiona, jua inakinga kweli, ila kwenye upepo wa huku bora uchomwe na jua.

Vumbi. Huku kisulisuli unakiona kabisa kinatembea shambani, mnara mwekundu, kimebeba majani na mifuko. Usishindane nacho nani atavuka kwanza. Simama, shusha kioo cha helmeti, mguu mmoja chini au yote miwili, kipite. Kinapita haraka tu. Miwani ya jua bila kioo haisaidii, vumbi linaingia pembeni na ukifumba macho kwa sekunde moja tu ukiwa na 60 umeshatembea mita 16 na ushee kipofu.

Sasa kupaki lini. Mamlaka ya Hali ya Hewa huwa wanatoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mara nyingi ni kwa ajili ya bahari na ukanda wa pwani, na sisi wa bara tunasikiliza kama haituhusu, wakati upepo wa hivyo mbuga ya Ikungi unauonja mara kibao kiangazi. Kipimo changu mi ni miti. Matawi makubwa yakiyumba naenda ila taratibu na bila mzigo mpana. Mti mzima ukiyumba, shina na yote, hapo upepo umeshafika kilomita 50 na kupanda, hata kutembea kwa mguu kuufuata unakotoka ni kazi, napaki. Kipimo kingine ni mimi mwenyewe, nikiona nimetolewa kwenye njia yangu mara mbili na spidi nimeshapunguza, basi, sina cha kuthibitisha kwa mtu. Safari ndefu naitoa alfajiri, kabla jua halijakolea upepo haurukiruki sana, na bosi wa pikipiki nimeshamwambia siku za hivyo hesabu ninayompelekea inaweza kuchelewa, kwa bahati ni muelewa.

Tofauti ni upepo wa mvua, mwezi wa 11, wa 12. Ule hauna hodi, unasikia baridi ya ghafla usoni, unaona vumbi linakuja kama ukuta na mawingu meusi nyuma yake, na unageuka uelekeo wakati wowote. Huo haujadiliki, tafuta pa kuingia dakika hiyohiyo, sheli au nyumba ya tofali, sio chini ya mti wala jirani na bango au nguzo ya umeme. Na ukipaki, pikipiki ielekeze upepo unakotoka, iweke gia ya kwanza ili isisogee kwenye stendi, mzigo mrefu ushushe chini kabisa. Matenga ya kuku yakianguka na pikipiki, kuku wakitawanyika porini Puma na mvua inaanza, utawakimbiza mwenyewe na mteja atawahesabu mmojammoja.