Baba Yangu Hakuwa Mvivu

Mbukwa, ndugu zangu.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Bahi ameniandikia: "Dada, shemeji yangu anasema kwetu ni maskini kwa sababu ya uvivu. Nimemaliza chuo, mtaji sina, nianzie wapi?" La mtaji nitalijibu. Hilo la uvivu limenichoma, maana nimelisikia tangu utotoni, tena likisemwa mbele ya baba yangu mzazi.

Baba alilima mahindi na alizeti huku Kongwa, Dodoma, kwa jembe la mkono, na kukipambazuka ulimkuta shambani. Kilichotumaliza ni Februari. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na mwaka mzima haifiki milimita 600. Februari ghala limeshakwisha, mahindi shambani bado mabichi, na watoto walikuwa wakirudishwa kutoka shule kwa kukosa ada. Hapo ndipo mfanyabiashara alipokuwa akija na fedha taslimu, ananunua mazao yangali shambani kwa bei aipendayo yeye. Baba angekataa tungelala njaa.

Mavuno yakifika, yule bwana alikuja na magunia yake. Mwaka mmoja nilikuwa mimi ninayeshika mdomo wa gunia. Vijana wake walijaza, wakashindilia kwa miguu, wakajaza tena. Gunia likafika ukomo. Wakaongezea kipande cha gunia kingine juu, wakamimina debe, wakamimina jingine, ndipo wakashona kwa kamba ya katani. Hiyo ndiyo lumbesa. Kwenye daftari lake liliandikwa gunia moja. Baba akaomba mizani. Akajibiwa, "Mzee, kama hutaki nirudishie hela yangu." Hela ilikuwa imeliwa tangu Februari. Baba akainama, mimi nikaendelea kushika gunia. Yule mtu sijamsamehe mpaka leo.

Msimu wa njaa uliofuata tulinunua mahindi dukani kwa debe, bei ikiwa imepanda karibu mara mbili. Mimi nilikaa nyumbani muhula mzima nikiwa kidato cha pili. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na michango juu yake. Elimu bila ada ilianza 2016, mimi nilishapita. Kwa hiyo mtu akiniambia umaskini ni uvivu, namuuliza: uvivu wa nani?

Na hili halikuanza na baba. Waulize wazee wa Kigogo habari za Mtunya, njaa ya 1917 mpaka 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka, vijana wakabebeshwa mizigo ya vita, halafu mvua ikakata. Watu waliofanyiwa hivyo hawakuanzia mstari mmoja na wengine.

Sasa nilivyotoka kwenye hali hiyo. Niliingia kikoba, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, nikanunua hisa kidogo kidogo. Mavuno yalipofika na mahitaji yakanibana, nilikopa kikobani nikalipa nilichodaiwa, mahindi nikayaacha ndani. Niliyakausha vizuri nikayatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi wasiyaguse. Njaa ilipoanza kuuma nikapeleka soko la nafaka la Kibaigwa, nikauza kwa kilo. Fedha ile ile ya jasho lile lile, ila safari hii iliingia mfukoni mwangu. Leo mdogo wangu wa mwisho amemaliza chuo cha afya, na nyumba ya mama ina bati. Nasema kwa kujivuna, na nina haki ya kujivuna.

Kwa hiyo ushauri wangu, kijana: usiuze wakati wa mavuno. Hata kama una mpunga, usiuze wakati wa mavuno. Tafuta kikundi kwanza, mtaji baadaye, maana kikundi ndicho kitakachokuwezesha kusubiri bei. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wewe uko kwenye ile 4 ya vijana. Jiungeni, msajiliwe, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na akiwazungusha rudini tena.

Mikopo ya kausha damu, ile ya haraka yenye riba ya kunyonya, usiiguse. Jirani yangu alikopa ya kuuguza mtoto, wakaja kubeba cherehani iliyokuwa ikimpatia chakula. Mtu akikupa fedha kwa nusu saa bila kukuuliza unafanya kazi gani, jua ameshaona atakachokuja kukibeba.

Na ninyi mlioajiriwa mjini, acheni kuwacheka wazee wanaopokea fedha za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kuna bibi hapa kwetu alinunua mbuzi kwa fedha hizo, leo wajukuu wake wanavaa sare. Mnajua ninyi mlisomeshwa na nini?

La mwisho ni la viongozi wa vijiji. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Msikae kumsubiri mtu wa wilayani. Itisheni mkutano mkuu wa kijiji, mwandike kwenye muhtasari kwamba asiye na mizani hanunui, na mgambo asimame barabarani siku za mavuno. Kwetu tulilipitisha. Mnunuzi wa kwanza aligeuza Fuso akaondoka akitukana, watu wakaanza kunung'unika kwamba tumefukuza soko. Kesho yake akaja mwingine, akashusha mizani, akanunua.