Barua kwa mwanangu: bastola ndani ya nyumba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Wete, Pemba, sote wazima, mama yako anakusalimu sana wewe, mkeo na wajukuu zetu.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema nyumba ya pili kutoka kwenu hapo Houston, Marekani, imevunjwa, na jirani amekuonesha bastola yake akakwambia baba asiye na silaha amewaachia wezi familia yake. Sasa unaniuliza: "Baba, na mimi ninunue?"

Usinunue. Hilo ndilo jibu langu, lakini sitaki ulipokee kama amri tu ya mzee aliyeko mbali.

Jirani yako simwoni kuwa mtu mbaya. Sheria ya nchi ile iko upande wake: haki ya kumiliki silaha imo kwenye Katiba yao tangu 1791, na mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mtu ana haki ya kuweka bastola nyumbani kwake kwa kujilinda. Wewe mwenye ukaazi wa kudumu utajaza fomu, rekodi zako zitapekuliwa, na pengine utatoka dukani na bastola siku hiyo hiyo. Mwanamke anayeishi peke yake, polisi wako mbali, akiniambia anaitaka kwa sababu anaogopa, siwezi kumbeza. Ila mahakama ilijibu kama mtu anaruhusiwa. Kama watoto wako watalala salama zaidi, hilo ni la kujibu wewe.

Unayajua majira ya karafuu. Watu wanalala uani kulinda karafuu zilizoanikwa majamvini, panga ubavuni. Kuna msimu mmoja kijana wa jirani yetu alirudi kutoka dago, kambi ya wachuma karafuu, usiku wa manane, akaona haya kubisha hodi, akapitia ua wa nyuma. Baba yake akainuka gizani na panga mkononi, hasemi kitu. Akamwendea. Alipomkaribia akaiona kanzu aliyomnunulia mwenyewe, mkono ukamlegea. Panga linakulazimisha usogee, na ukisogea unamtambua mtu. Bastola ungeifyatua ukiwa mlangoni kwako, na aliye gizani ungemjua baadaye, taa ikishawashwa.

Na hayo si ya kwetu tu. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu wazima zaidi ya milioni 17 wa California. Walioishi nyumba moja na mwenye bastola waliuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale ambao nyumbani kwao hamkuwa na silaha. Wengi waliouawa kwa kupigwa risasi na mume, mke au mpenzi wao walikuwa wanawake. Mfikirie mkeo hapo, hata kama hamjawahi kuinuliana sauti.

Sasa naja kwenye linaloniuma zaidi, na naomba usikasirike. Uliniambia tangu upunguzwe kazini usingizi umekuhama, na kuna siku huoni sababu ya kuamka. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu zaidi ya 48,000 kwa risasi, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Anayejaribu kwa vidonge mara nyingi huwahiwa hospitali, akapona, akaja kucheka na wanawe. Anayejaribu kwa bunduki, takriban tisa katika kila kumi hufa. Najua unaswali, najua unamwogopa Mungu. Lakini maradhi ya huzuni humpata hata mcha Mungu, na saa mbaya hupita ikiwa hakuna kitu karibu cha kuimalizia. Wewe unahesabu usiku mmoja wa mwizi. Mimi nahesabu usiku wote utakaokuwa macho na kitu kile kikiwa chumbani mwako.

Ulitaja pia maneno ya jirani yako kwamba raia wenye silaha hawaonewi na serikali. Mwambie baba yako alikuwepo Pemba Januari 27, 2001. Watu waliandamana kupinga uchaguzi wa 2000, risasi zikapigwa, tukazika, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Jeuri ya mwenye bunduki siisomi magazetini. Na bado naamini, tungekuwa na bunduki majumbani siku zile, tungezika wengi zaidi, na wengine tungeuana majirani kwa majirani. Kilichotupunguzia moto ni watu kukaa wakazungumza, Muafaka wa CCM na CUF ukatiwa saini Oktoba mwaka ule, kisha ikaja kura ya maoni ya 2010 ya serikali ya umoja wa kitaifa. Machungu hayajaisha, lakini wanangu mmekua.

Basi fanya haya. Badilisha kitasa cha mlango wa nyuma, weka taa ya nje inayowaka mtu akipita, na kamera mlangoni. Chukua namba za majirani, hata za huyo mwenye bastola. Kubalianeni na mkeo kwamba mkisikia kishindo mnajifungia na watoto chumba kimoja na kupiga 911, namba ya dharura ya huko. Televisheni mwizi achukue.

Na ikiwa umeshainunua, niambie, sitagomba. Itoe risasi, ifungie kwenye kasha la chuma, risasi kasha jingine. Utasema ikifungwa hivyo haitamuwahi mwizi. Ni kweli. Iliyo tayari kwa mwizi iko tayari kwa mtoto pia, na mjukuu wangu wa miaka minne anafungua simu yako na kabati la dawa.

Kuhusu usingizi, muone daktari wiki hii, na mkeo ajue. Nipigie Jumapili asubuhi ya kwenu. Huku itakuwa alasiri, nitakuwa nyumbani.

Baba yako