Jibu: Faili linaloanza na kistari halifutiki

Salamu, ndugu. Umeeleza kwamba rm, amri ya kufuta mafaili, inakataa kufuta faili liitwalo -mauzo Kisumu (2).csv, ikidai kuwa chaguo (option, yaani maelekezo ya ziada kwa amri) si sahihi, ingawa umelizungushia jina alama za nukuu. Kagua kwanza herufi ya mwanzo: kistari hicho ndicho kinachoifanya rm ilichukulie jina kuwa chaguo, na nukuu haziwezi kuzuia hilo kwa kuwa Bash, programu inayosoma amri unazoandika, huziondoa kabla amri haijapokea jina. Andika hivi, ambapo -- huiambia rm kwamba machaguo yameisha:

rm -- '-mauzo Kisumu (2).csv'

Mimi hupendelea kutanguliza ./ (yaani folda uliyomo) ndani ya nukuu, kwani njia hiyo hufaa hata kwa programu zisizotambua --. Nukuu zenyewe usiziache, kwa sababu nafasi na mabano bado yanazihitaji. Mafaili yakiwa mengi, yaorodheshe kabla ya kufuta chochote:

find . -name '-*' -print0 | xargs -0 ls