Baba anasema mama si mkewe

SWALI: Shikamoo Daktari. Mwaka jana baba yangu aligongwa na bodaboda, akalazwa kwa jeraha la kichwa. Sasa amepona, anaswali, anahesabu pesa zake, majirani anawajua kwa majina. Ila anasema mama si mkewe, ni mwanamke aliyefanana naye tu. La ajabu ni kwamba mama akimpigia simu kutoka sokoni wanaongea vizuri, hata anamwambia, "Rudi haraka, huyu mwanamke bado yupo hapa." Tumemwonyesha cheti cha ndoa, anazidi kukasirika. Shangazi zangu wanasema kuna mkono wa mtu. Tufanye nini?
Mtoto wa kwanza, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni nyote, na mama zaidi. Hiyo simu ndiyo habari kubwa katika barua yako. Inanifanya nishuku hali iitwayo Capgras, kwa jina la daktari wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1923 pamoja na mwenzake. Mgonjwa wao alishikilia kwamba mumewe na binti yake wamebadilishwa.

Tukiuona uso wa mtu wetu, ubongo hufanya kazi mbili. Unamtambua kuwa ni fulani, na unaamsha hisia kwamba huyu ni wetu. Hisia hiyo hutoa jasho dogo mno viganjani. Mwenyewe hulioni, ila mashine hulipima. Mwaka 1997, huko California, watafiti Ramachandran na Hirstein walimpima Mbrazili wa miaka 30 aliyeumia kichwa katika ajali ya barabarani, akawa anasema wazazi wake ni wa bandia. Picha za wazazi hazikumwamshia jasho hilo kuliko picha za watu asiowajua. Kwa simu lakini aliwakubali, kwa kuwa sauti hupita njia yake nyingine kuifikia hisia.

Basi jiweke mahali pa baba. Anaiona sura ya mkewe, kanga zake, mwendo wake, na moyo haumwambii kitu. Ubongo hutafuta maelezo ya pengo hilo, na "si yeye" ndiyo kauli inayolingana na anachokihisi. Cheti cha ndoa hakiwezi kumgeuza: kinathibitisha kwamba alioa, jambo ambalo hajalikana.

Hata hivyo, kukosa hisia peke yake hakutoshi. Wapo watu walioumia sehemu fulani ya mbele ya ubongo, ambao ngozi zao haziitikii nyuso za jamaa zao, na bado hawasemi mtu amebadilishwa. Ndiyo maana watafiti kama Max Coltheart wa Australia wanasema ipo hitilafu ya pili: uwezo wa kulipima wazo na kulikataa umedhoofika, na wanaihusisha na sehemu nyingine ya mbele ya ubongo, upande wa kulia. Mimi na wewe tukipitiwa na wazo kama hilo tunalitupa palepale. Baba hawezi, na si ukaidi.

Kwa hiyo acheni kumbishia. Mama atangulize sauti: kabla hajaingia, azungumze akiwa nje ya mlango, amsalimie kama walivyozoea. Naye aelezwe haya yote kwa utulivu, maana nadhani anaumia kuliko anavyosema. Shangazi msigombane nao; dua iendelee, na hospitali iendelee.

Mpelekeni kwa daktari wa ubongo au wa afya ya akili, mkiwa na picha za CT alizopigwa alipolazwa kama zipo. Kisa cha simu kisimulieni kama ulivyoniandikia. Dawa za usingizi za kununua dukani msimpe. Na kwa kuwa wagonjwa wengine humshambulia huyo wanayemdhani mgeni, ondoeni visu na panga karibu naye. Kama amewahi kumtisha mama, wasiachwe wawili peke yao, na hospitali muende leo hii.