Mbalamwezi na dagaa, mawese yanayoganda, na vidole vya mfuaji

Kwa nini siku za mbalamwezi wavuvi hawaendi ziwani? Mume wangu hushinda nyumbani, na dagaa hupanda bei. (Mama wa Kibirizi)

Mama, mzee ana hoja. Mchana dagaa hukaa kilindini wakiwakwepa migebuka, samaki wanaowala. Jua likizama, vijidudu wanavyokula hupanda karibu na uso wa maji, nao huvifuata. Taa ya mvuvi, iwe karabai ya zamani au ya sola ya siku hizi, huvivuta vijidudu na dagaa pamoja mpaka kundi linajaa chini ya mtumbwi, ndipo wavu unainuliwa. Kazi hiyo inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa inapoteza nguvu yake, dagaa wanabaki wametawanyika. Wapo, ila hawakusanyiki.

Na hicho kilindi chao si kirefu kama wengi wanavyodhani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi, lakini oksijeni huishia kwenye mita 100 hadi 200 za juu. Chini ya hapo samaki haishi. Riziki yetu yote imo kwenye tabaka hilo jembamba, ndiyo maana huniuma nikiona kokoro, ule wavu wa kuburuta, likivutwa ufukweni na kuzoa hata vifaranga.

Mawese yangu huganda alfajiri, mchana yanayeyuka. Yamechakachuliwa? (Msomaji, Ujiji)

Kuganda peke yake si dalili ya kuchakachuliwa. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda upesi, na baridi ya alfajiri ya Juni au Julai inatosha. Alizeti ina kidogo sana ya aina hiyo, kwa hiyo hubaki majimaji. Ombi langu ni moja: usiyachome mpaka yawe meupe. Wekundu ule ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho ya watoto. Moto mkali huiharibu.

Mbona upepo wa mchana hutoka ziwani na wa usiku hutoka nchi kavu? (Kijana wa Mwanga)

Ardhi hupata joto haraka kuliko maji. Mchana hewa ya nchi kavu hupanda, ya ziwani inaingia mahali pake. Usiku ardhi hupoa kwanza, upepo unageuka.

Nikifua muda mrefu vidole hukunjamana. Ngozi imenyonya maji? (Mwanafunzi, Kasulu)

Wengi huamini hivyo, lakini kazi hiyo ni ya neva. Mkono ukikaa majini, neva huiamuru mishipa ya damu ya vidole isinyae. Nyama ya ndani inapungua, ngozi ya juu inazidi na kujikunja. Tangu miaka ya 1930 madaktari walibaini kwamba kidole ambacho neva yake imekatika hakikunjamani hata ukikiloweka. Basi, ukiona vidole vingine vinakunjamana na vingine havikunjamani, tena vina ganzi, usikae nyumbani. Nenda kapime: kisukari na ukoma huanza kuharibu neva kabla mtu hajasikia maumivu yoyote, na vyote viwili vina matibabu.