Pete janja au saa janja? Inategemea unataka kupima nini

Umeuliza uchague ipi kati ya pete janja, yaani pete yenye vipimo vya mwili ndani yake, na saa janja, na ukataja pete inayodai kupima sukari ya damu. Kama shida yako ni usingizi na mapigo ya moyo ukiwa umepumzika, chukua pete. Mishipa ya damu ya kidole iko karibu na ngozi, na pete inayokaa vizuri haichezichezi, kwa hiyo vile vimwanga vya ndani yake husoma mapigo vizuri usiku kucha. Joto la ngozi nalo hulifuatilia. Likipanda pamoja na mapigo, huenda mwili unapambana na homa, au jana ulikunywa (hapo pete haikufichii siri).

Kwa mazoezi sina sifa nyingi za kuipa. Pete nyingi hazina skrini wala GPS ya kufuatilia njia na umbali, kwa hiyo mkimbiaji bado atabeba simu. Ukinyanyua vyuma ivue, la sivyo itachubuka na kukubana kidole.

Kabla ya kununua, omba pete za kupimia saizi na uvae moja mchana na usiku, maana vidole huvimba na kunywea. Ulizia pia kama programu yake ina ada ya kila mwezi.

Na hiyo pete uliyoitaja inayodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi, achana nayo kabisa. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe kwa njia hiyo. Mgonjwa wa kisukari akikosea dozi kwa sababu ya namba za uongo, ni hatari.