Kuku wamekufa ghafla, nguruwe je?

Pole ndugu. Kuku kufa ghafla hapo Muheza na banda la nguruwe liko ubavuni, lazima uogope. Inaweza ikawa kideri tu (ugonjwa mwingine wa kuku), bila vipimo hujui, ila kama ni mafua ya ndege nguruwe anaweza kuyapata, maana njia yake ya hewa inapokea kirusi cha mafua ya ndege na cha mafua ya binadamu pia, vikikutana humo vinabadilishana vipande vyao vya jeni (kila kirusi kina 8) kinatoka kirusi kipya kabisa, kile cha mafua ya nguruwe yaliyoenea duniani 2009 kilitokea kwa nguruwe hivyohivyo. Kwahiyo mizoga usiwatupie nguruwe (watu wanafanya sana hii!), maji ya bata usiwanyweshe, na ukiwa na mafua wewe usiingie bandani. Kuku waliobaki usichinje wala kuuza, mpigie afisa mifugo leoleo. Ukishikwa homa nenda hospitali, uwaambie na habari ya kuku.